Aliyeshindwa vita anajadiliana kwa kutumia nini?

Ndugu yangu umeuliza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, jeshi likishazingirwa halina chakula wala risasi, mshindi ana haja gani ya kukaa nalo mezani kuandikiana masharti wakati anaweza kuingia tu akamaliza kazi? La pili, hayo masharti nani alikuwa anahakikisha yanafuatwa wakati mmoja ameshaweka silaha chini na mwenzake bado amezishika? Nimeyasoma mara mbili tatu maswali yako kwasababu miaka yangu yote ya kusoma historia ya vita imenifikisha hapo hapo, kwenye ile siku moja au mbili ambazo mizinga imenyamaza na watu wanabishana juu ya maneno, maana maisha ya maelfu ya watu yaliamuliwa siku hizo kuliko siku ya mapigano yenyewe.

Nianze na la kwanza. Aliyeshindwa bado ana kitu cha kuuza, nacho ni gharama iliyobaki. Watu wanadhani ukishamzingira adui umemaliza, lakini kwa kamanda aliyelala nje ya ukuta wa mji miezi mitatu hesabu ni nyingine kabisa, kila siku anazika watu kwa kuhara na homa, chakula cha jeshi lake kinatoka mbali, jeshi la kuwaokoa waliomo ndani linaweza kutokea muda wowote, na akiamua kuuparamia ukuta atapoteza askari wake wazuri kuliko wote kwasababu hao ndo wanaotangulia. Kwahiyo yule wa ndani anapotuma mjumbe anachosema hasa ni kwamba hizo gharama zote naweza kukuondolea leo, wewe utanipa nini?

Mfano ambao huwa naurudia sana ni Jerusalem mwaka 1187. Salahuddin alikuwa ameshalisambaratisha jeshi la Wapiganaji wa Msalaba pale Hattin tarehe 4 Julai, na Septemba akauzingira mji. Ndani aliyeshika usukani ni Balian wa Ibelin, ambaye wapiganaji wa maana alikuwa hana. Ukuta ulipoanza kuporomoka Balian akatoka kwenda kuomba masharti, Salahuddin akamkatalia, akasema ameapa kuuchukua mji kwa upanga kama wao walivyouchukua mwaka 1099 kwa kumwaga damu. Sasa angalia mtu asiye na kitu anavyotafuta cha kuuza. Balian akamwambia basi kama hakuna amani tutawaua sisi wenyewe wake zetu na watoto wetu, tutachoma mali zote, tutawaua mateka Waislamu maelfu walioko mikononi mwetu, tutabomoa Kuba ya Mwamba na Msikiti wa Al-Aqsa, halafu tutatoka nje tufe tukipigana. Yaani alichofanya ni kumwonyesha mshindi kwamba kile anachokitaka kikiwa kizima kinaweza kumfikia kikiwa majivu.

Salahuddin akakaa na makamanda wake na hapo ikapatikana njia ambayo mimi naiona ni ya akili sana. Mji uhesabiwe kwamba umechukuliwa kwa upanga, watu waliomo wahesabiwe tayari ni mateka, halafu mateka hao wajikomboe kwa fedha, mwanaume dinari 10, mwanamke dinari 5, wakapewa siku 40 za kulipa, na kwa maskini ikapangwa fidia ya jumla ya dinari 30,000. Tarehe 2 Oktoba malango yakafunguliwa, kiapo cha sultani kikabaki salama na mauaji ya 1099 hayakurudiwa. Wapo maelfu walioshindwa kujikomboa wakaingia utumwani, hilo siwezi kulificha, lakini uone lilivyofanyika, ugumu haukuwa kwenye fedha, ulikuwa kwenye kumpa mshindi namna ya kulegeza bila kuonekana amelegea. Hiyo utaikuta kwenye karibu kila meza ya kusalimu amri, kwamba pande zote mbili kuna watu nyuma wanaoangalia na kila mjumbe lazima arudi kwao na uso wake.

Ulaya baadaye jambo hili lilikuja kuwa na saa yake kabisa, na kila afisa aliijua. Mzingiraji anatuma kwanza mwito rasmi kwamba jisalimisheni. Ukikubali mapema unapata masharti mazuri. Ukiendelea mpaka mizinga imetoboa ukuta na pengo limekuwa la kupitika, masharti yanapungua lakini bado yapo, na kamanda aliyefika hapo alihesabiwa ametimiza wajibu wake, hakuna wa kumwita mwoga. Ila ukikataa mpaka wenzako wapande lile pengo kwa damu basi kwa desturi ya zama zile huna cha kudai tena. Mji wa Magdeburg kule Ujerumani ulikataa na tarehe 20 Mei 1631 jeshi la Jenerali Tilly likaingia, watu wapatao 20,000 wakafa kwa upanga na moto. Drogheda kule Ireland ilikataa mwito wa Cromwell wa Uingereza Septemba 1649 na askari wa ngome wakachinjwa, na raia pamoja nao. Mimi desturi hiyo naiona ya kikatili, ila ndo iliyokuwa inawasukuma watu mezani, kwasababu kila siku ikipita thamani ya unachouza inashuka na wewe unajua, na mnunuzi naye anajua.

Na aliyejisalimisha kwa wakati alikuwa anadai kitu kilichoitwa heshima za kivita. Maana yake kikosi kinatoka ngomeni kwa mguu wa gwaride, bendera zimekunjuliwa, ngoma zinapigwa, bunduki begani, wakati mwingine hata na mzinga mmoja au miwili, halafu ndo wanaenda zao au wanaweka silaha chini kulingana na walivyokubaliana. Ukisoma leo unaweza kuona ni mbwembwe tu, lakini kwa askari wa enzi hizo ile ilikuwa cheti mbele ya dunia kwamba tumepigana tukafika mwisho, hatukuuza ngome. Kamanda aliyerudi nyumbani bila hiyo alikuwa hatarini kweli. Marshal Bazaine wa Ufaransa alisalimisha ngome ya Metz kwa Wajerumani Oktoba 1870 pamoja na askari zaidi ya 170,000, na mwaka 1873 mahakama ya kijeshi ya Ufaransa ikamhukumu kifo, adhabu ikapunguzwa kuwa miaka 20. Kwahiyo unapomwona jenerali anapigania bendera na ngoma wakati watu wake wana njaa usimwone mjinga, anajua kuna watu watakuja kumuuliza.

Afrika yetu ina mfano mmoja ambao hausimuliwi vya kutosha. Januari 1896 Menelik wa Ethiopia alikuwa amekizingira kikosi cha Waitaliano chini ya Meja Galliano kwenye ngome ya Mekelle, wengi wao wakiwa askari wa Eritrea. Mashambulizi ya moja kwa moja yaliua watu wengi wa Ethiopia, mwishowe wakashika chemchemi za maji na ngome ikabaki inakauka kwa kiu. Angeweza kusubiri siku chache wafe wote. Badala yake akawaachia watoke na silaha zao na mizigo yao, akawapa na wanyama wa kubebea, na kamanda wake Ras Makonnen akawasindikiza. Kwanini? Kwasababu alikuwa anataka kujadiliana na serikali yao na alikuwa anaonyesha Ulaya kwamba anayepigana nao ni mfalme mwenye utaratibu, na pia msafara ule ukitembea na Waitaliano katikati hakuna aliyethubutu kuushambulia, jeshi lake likapata kusogea upande wa Adwa kwa amani. Masharti mazuri yalimnunulia njia. Tarehe 1 Machi akashinda Adwa, na Galliano aliyeachiwa akafa kwenye vita ile ile.

Sasa tuje kwenye meza yenyewe inavyokaa, maana hapa ndo pana utamu. Kwanza ni kutoka. Kumtuma mtu katikati ya risasi kulihitaji alama ambayo adui hataikosea, ngoma ya mdundo maalum, tarumbeta, kitambaa cheupe, na mjumbe yule ni mwiko kumgusa. Kanuni za Hague za 1907 ziliandika desturi hiyo ya kale kuwa sheria, zikampa mjumbe kinga pamoja na mpiga tarumbeta au ngoma wake, mbeba bendera na mkalimani, ila pia zikaruhusu mwenyeji kuchukua tahadhari asije akatumia ujumbe kupeleleza. Tahadhari hiyo ni ya maana, kwasababu silaha kubwa mezani ni kujua mwenzako amebakiwa na nini.

Sedan, usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 1870, Jenerali Wimpffen wa Ufaransa aliyezingirwa na Wajerumani alienda Donchery kukutana na kamanda wao Moltke na waziri wao mkuu Bismarck. Maskini huyu alikuwa amefika tu kutoka Algeria na ameachiwa jeshi katikati ya vita siku hiyo hiyo. Akaomba askari wake waondoke na silaha kwa kuahidi hawatapigana tena na Ujerumani, la sivyo watapigana mpaka wa mwisho. Moltke akamjibu kwa hesabu, mna watu wangapi, chakula na risasi havifiki siku mbili, sisi tupo wangapi, mizinga yetu iko wapi na wapi kuwazunguka, na kama huamini mtume afisa wako akaone mwenyewe. Pale pale mkwara wa Wimpffen ukafa. Asubuhi akasaini, na Mfalme Napoleon wa Tatu mwenyewe akawa mateka.

Sasa igeuze. Singapore, tarehe 15 Februari 1942, kwenye kiwanda cha Ford pale Bukit Timah, Yamashita wa Japani anamkaripia Jenerali Percival wa Uingereza ajibu ndiyo au hapana, unajisalimisha au vipi. Percival alijua maji ya mji yanakatika na mji umejaa raia. Asichokijua ni kwamba Yamashita alikuwa na watu kama 30,000 tu dhidi ya jeshi lililomzidi mara kadhaa, na risasi za mizinga zilikuwa zinamwishia. Yamashita mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba ulikuwa ni mkwara na aliogopa sana Waingereza wasije wakagundua. Kwahiyo zile kelele za ndiyo au hapana zilikuwa na kazi yake, kumnyima mwenzako muda wa kuhesabu. Ukiona upande wenye nguvu una haraka isiyo ya kawaida ujue kuna kitu upande huo unakificha.

Nikukalishe kidogo Yorktown, 1781, kwenye vita ya Wamarekani kudai uhuru kutoka Uingereza, kwasababu pale kuna kila kitu. Tarehe 17 Oktoba kijana mpiga ngoma wa Kiingereza akapanda juu ya boma, nyuma yake afisa ana leso nyeupe. Cornwallis, jenerali wa Waingereza, akaomba saa 24 za kusimamisha mapigano ili wajadiliane. Jenerali Washington wa Wamarekani akampa saa mbili kuandika anachotaka, kwasababu saa 24 zingetosha meli za Uingereza kutokea, au kuharibu stoo na silaha. Kesho yake wajumbe wakakaa kwenye nyumba ya familia ya Moore, upande mmoja Laurens wa Marekani na Noailles wa Ufaransa, upande wa pili Dundas na Ross wa Uingereza, na wakabishana siku nzima.

Ubishi mkubwa ulikuwa heshima za kivita. Mwaka mmoja nyuma, Mei 1780, Waingereza walipoichukua Charleston waliwanyima Wamarekani heshima hizo, wakawatoa na bendera zimekunjwa. Na huyo Laurens alikuwa mmoja wa waliosalimishwa Charleston. Basi akakomaa, heshima mtakazopata ni zile zile mlizotupa sisi, bendera zikunjwe, na msipige wimbo wetu. Maana desturi ilikuwa anayetoka kwa heshima anapiga wimbo wa adui kuonyesha kwamba tumelingana, sasa wao wakaandikiwa wapige wimbo wa Kiingereza au wa Kijerumani. Tarehe 19 Cornwallis akasema anaumwa akamtuma O'Hara, na Washington akamwelekeza O'Hara kwa msaidizi wake Lincoln, ndiye yule yule aliyesalimisha Charleston. Ndo maana nasema masharti mabaya unayompa mtu leo yanahifadhiwa, yanakusubiri.

Ila kifungu kinachonigusa zaidi cha Yorktown ni cha 10. Cornwallis aliomba Wamarekani waliojiunga na upande wa mfalme wasiadhibiwe. Washington akakikataa akasema hilo ni jambo la kiraia, siyo la kwake. Lakini kwenye kifungu cha 8 akakubali meli moja ndogo, Bonetta, iondoke kwenda New York bila kukaguliwa. Pande zote zilijua nani atapanda meli ile. Wakapanda wale ambao wangekamatwa na kunyongwa, na hakuna sehemu kwenye karatasi majina yao yanaonekana. Mjadiliano mzuri mara nyingi una mlango wa namna hiyo, kitu ambacho mshindi hawezi kukisaini mbele za watu lakini anaweza kufumba macho kikapita.

Maneno nayo yanapiganiwa kama ngome. Kwenye vita hiyo hiyo, Jenerali Burgoyne wa Uingereza alipozidiwa Saratoga Oktoba 1777 alikataa hati iitwe ya kusalimu amri, ikaitwa makubaliano, na Gates, jenerali wa Wamarekani, akakubali askari wale zaidi ya 5,000 warudi Uingereza kwa ahadi kwamba hawatapigana tena Amerika kwenye vita hiyo. Inapendeza, si ndiyo? Baadaye Bunge la Marekani likashtuka kwamba watu hao wakirudi kwao watashika lindo huko na kuwaachia wengine waje Amerika kupigana, likaanza kutafuta visingizio, wale jamaa hawakupandishwa meli, wakazungushwa kwenye makambi mpaka vita inaisha. Gates alitoa alichokuwa hana uwezo wa kukilinda.

Hilo la uwezo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kamanda wa vitani ana mamlaka ya kijeshi basi, akivuka kwenda kwenye siasa karatasi yake haina nguvu. Aprili 1865, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani inaisha, Sherman, jenerali wa kaskazini, alikutana na Johnston wa kusini kwenye nyumba ya mkulima kule North Carolina, na kwa nia njema kabisa wakaandikiana mkataba uliogusa serikali za majimbo ya kusini na haki za kisiasa za watu wake. Serikali mjini Washington ikaukataa, Grant, mkuu wa majeshi ya kaskazini, akatumwa mwenyewe kwenda kumweleza rafiki yake Sherman, na tarehe 26 wakasaini upya masharti ya kijeshi matupu kama yale aliyopewa Lee, jenerali mwingine wa kusini.

Na hayo ya Lee, kusema ukweli, naona ndo mfano bora niliowahi kuusoma. Tarehe 9 Aprili 1865, Appomattox. Grant alikuwa na kila nguvu ya kumdhalilisha mtu na hakufanya. Aliandika kwa mkono wake masharti mafupi, silaha za jeshi zikabidhiwe, maafisa wabaki na silaha zao za kiunoni, farasi wao na mizigo yao binafsi, kila mtu aapishwe kutopigana tena na arudi kwao, na serikali ya Marekani isimsumbue maadamu anashika kiapo chake na sheria za anakoishi. Lee akasoma, akasema kwamba kwenye jeshi lake hata askari wa kawaida wa farasi na wa mizinga wana wanyama wao wenyewe. Grant hakubadilisha hati, ila akasema atawaagiza maafisa wake kila anayedai ana farasi au nyumbu wake amwachie, maana watu wengi ni wakulima wadogo na bila mnyama hawataweza kupanda kitu cha kuwavusha. Halafu akauliza kuhusu chakula na akatoa mgao wa watu 25,000. Mizinga ya kushangilia ilipoanza kulia akaizima. Hapo utaona alikuwa anawaza mwezi wa tano na wa sita, hawa watu wakiwa na njaa na aibu watafanya nini? Jeshi lenye silaha lililotawanyika milimani ndo kitu alichokuwa anakiogopa, na farasi wa kulimia walikuwa bei ndogo sana ya kukizuia.

Utaniuliza, mbona wengine walidai kusalimu amri bila masharti yoyote? Ni huyo huyo Grant aliyeyasema hayo Fort Donelson Februari 1862 na yakamfanya maarufu, lakini Vicksburg mwaka uliofuata alianza na maneno hayo akaishia kuwaapisha na kuwaachia mateka karibu 29,000, kwasababu kuwasafirisha na kuwalisha kungemla yeye. Hata bila masharti ina masharti yake. Roosevelt alitangaza msimamo huo Casablanca Januari 1943, na Mei 1945 pale Reims kitu pekee ambacho Wajerumani walifanikiwa kukipata kwa kujadiliana ni muda. Jodl, jenerali wao, alikuja kuvuta siku ili askari wao wengi wakimbilie upande wa magharibi wasiangukie mikononi mwa Wasovieti, Eisenhower, kamanda wa washirika wa magharibi, akatishia kufunga mstari wake kabisa, mwisho wakasaini usiku wa tarehe 7 saa nane na dakika 41, mapigano yakome usiku wa tarehe 8. Japani nayo mwezi wa nane ilikuwa na sharti moja tu, mfalme wao abaki. Jibu la Wamarekani halikusema ndiyo wala hapana, lilisema mamlaka ya mfalme yatakuwa chini ya Kamanda Mkuu wa mataifa washirika. Ukiwa chini ya mtu maana yake upo. Wakasoma hivyo na vita ikaisha.

Haya, swali lako la pili, nani anahakikisha. Zamani walitegemea mateka na rehani. Mji wa Acre ulipojisalimisha kwa Wapiganaji wa Msalaba 1191 kikosi cha Waislamu waliokuwa wanaulinda kilishikwa mpaka Salahuddin alipe dinari 200,000 na kuachia wafungwa, malipo yakachelewa, kila upande ukamshuku mwenzake, na tarehe 20 Agosti Mfalme Richard wa Uingereza akawaua mateka kama 2,700 hadharani. Kumbe rehani ina ubaya wake, ikivunjika wanaolipa ni wale wasio na neno lolote mezani.

Kwenye ngome ya Fort William Henry kule Amerika Kaskazini mwaka 1757 ubaya ulitoka kwingine. Montcalm wa Ufaransa aliwapa Waingereza heshima zote kwa kuahidi hawatapigana miezi 18. Lakini jeshi lake lilikuwa na wapiganaji wa mataifa ya wenyeji waliokuja kwa ahadi ya nyara na mateka, na masharti yale yaliwaacha mikono mitupu, hakuna aliyewauliza kama wanayakubali. Kesho yake wakaushambulia msafara. Mwaka uliofuata Waingereza walipoichukua Louisbourg, ngome ya Wafaransa, wakawanyima Wafaransa heshima za kivita.

Halafu kuna masharti ambayo yanaoza polepole baada ya sahihi. Granada, ufalme wa mwisho wa Waislamu Hispania, ilijisalimisha kwa mkataba wa Novemba 1491 ulioahidi Waislamu dini yao, misikiti yao na makadhi wao. Mji ukakabidhiwa tarehe 2 Januari 1492. Mwaka 1499 askofu mkuu Cisneros akaanza kuwabatiza kwa nguvu, watu wakaasi, na uasi ukafanywa sababu ya kusema wao ndo wamevunja mkataba, 1502 wakaambiwa wabatizwe au waondoke Castile. Limerick ya 1691, kule Ireland, Wakatoliki waliposalimu amri kwa Mfalme William wa Uingereza, inafundisha zaidi kwasababu mkataba wake ulikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kijeshi, kwamba askari wa Sarsfield, kamanda wao, wakitaka waende Ufaransa, ilitekelezwa vizuri na watu kama 14,000 wakasafiri. Sehemu ya kiraia iliyowaahidi Wakatoliki haki zao ilikuja kukatwakatwa na Bunge, na kuna maneno yaliyokuwa yanawalinda watu wa kawaida waliokuwa chini ya ulinzi wa jeshi lile, yalirukwa kwenye nakala iliyosainiwa, Mfalme William akayarudisha, na mwaka 1697 Bunge la Ireland likaupitisha mkataba bila maneno hayo. Umeona tofauti yake? Sehemu ya kijeshi ilitekelezwa wakati Sarsfield bado ana jeshi. Ya kiraia ilisubiri mpaka jeshi limeshapanda meli.

Kwahiyo mlinzi wa masharti mara nyingi ni mmoja kati ya wawili, ama nguvu iliyobaki upande wa aliyeshindwa, ama heshima ya aliyesaini akiwa bado ana cheo. Juni 1865 Lee alishtakiwa kwa uhaini mahakamani kule Norfolk, na Rais Johnson alikuwa anataka kesi iendelee. Grant akamwambia nilitoa neno langu Appomattox, mkimkamata najiuzulu. Kesi ikasimama.

Na nimalizie na meza moja ya kusini mwa Afrika kwasababu inanichoma. Mei 1902 wajumbe 60 wa Makaburu walikutana Vereeniging, wenzao wakawa Pretoria wanajadiliana na Waingereza Kitchener, kamanda wa jeshi, na Milner, mtawala. Walikuwa wameshindwa, mashamba yamechomwa, wake na watoto wao wamekufa kwa maelfu kwenye makambi ya Waingereza. Bado walijua wana cha kuuza, vita ya msituni inayoweza kuendelea miaka. Wakapata paundi 3,000,000 za kujenga upya, lugha yao ikabaki mashuleni na mahakamani, wakaahidiwa kujitawala. Kitchener alimvuta Smuts, mmoja wa viongozi wa Makaburu, pembeni akamwambia anavyoona yeye miaka miwili mbele serikali nyingine itaingia Uingereza na itawapa wanachotaka, na kauli ile ya pembeni inasemekana ilifanya kazi kuliko vikao vyote. Wakapiga kura, 54 kwa 6, sahihi zikawekwa usiku wa tarehe 31.

Waafrika walikuwa wamepigana na kubeba mizigo pande zote mbili, na wasiopungua 14,000 walikufa kwenye makambi yao. Mezani hawakuwa na mtu. Rasimu ya mwaka uliotangulia ilisema hawatapewa kura kabla ya koloni kujitawala, Smuts akaigeuza maneno machache tu, na kifungu cha 8 kikasomeka kwamba suala la kuwapa wenyeji kura halitaamuliwa mpaka baada ya kujitawala. Maana yake waamuzi watakuwa wale wale walioshindwa vita. Waingereza wakakubali, ilikuwa sharti rahisi kwao kwasababu anayelilipa hakuwepo chumbani. Uchaguzi wa kwanza ambao kila mtu wa nchi ile alipiga kura ulifanyika Aprili 1994, miaka 92 baada ya sahihi zile.